Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hifadhidata Huria: Majaribio Yenu Yanapita, Maneno Yetu Yanaharibika

Kwa wasimamizi na watunzaji wa MySQL, MariaDB, PostgreSQL, SQLite na hifadhidata nyingine za chanzo huria.

Salamu na heshima kwenu nyote.

Nawaandikia juu ya majaribio, hasa yale ya usimbaji wa herufi, yaani sehemu ya programu zenu inayoamua herufi iwe baiti zipi inapohifadhiwa, na baiti hizo ziwe herufi gani zinaposomwa. Mimi ni mtunza hifadhidata. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuhifadhi maneno ya lugha mbalimbali za Afrika kwa ajili ya kamusi, na karibu kila hitilafu iliyowahi kuninyima usingizi ilikuwa imepita kwenye majaribio bila kuonekana.

Nianze na neno moja: Gĩkũyũ. Lina herufi sita. Kwa UTF-8, usimbaji wa Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), linachukua baiti tisa, kwa sababu ĩ na ũ huchukua baiti mbili kila moja. Nilipokuwa nahamisha data kutoka seva moja kwenda nyingine niliandika jaribio nililoliona la busara: ingiza neno, lisome tena, linganisha. Likapita. Nikaingiza maelfu ya maneno, nayo yote yakapita. Miezi ilipita, mwenzangu akaunganisha programu nyingine kwenye hifadhidata ileile, na kwenye kioo chake akaona GÄ©kÅ©yÅ©.

Kumbe programu yangu ilikuwa ikituma baiti za UTF-8 huku muunganisho wake ukiiambia seva kwamba kinachokuja ni Latin-1, usimbaji wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi. Seva iliamini ilivyoambiwa. Ikachukua kila baiti kama herufi kamili ya Latin-1, ikaigeuza kuwa UTF-8, ikahifadhi. Wakati wa kusoma ikafanya kinyume chake, na neno likarudi kwangu likiwa zima. Kosa lilitendeka mara mbili, mara ya kwenda na mara ya kurudi, na kila mara moja lilifuta alama za lingine. Kusafisha kulikuwa kazi ndefu, kwani kufikia hapo baadhi ya safu za jedwali lilelile zilikuwa zimeingizwa vizuri na programu ya pili. Geuza zote, unaharibu zilizo sahihi. Acha zote, mbovu zinabaki.

Kosa lilikuwa langu, nami nalikubali. Lakini nilipokwenda kutazama majaribio yanayokuja pamoja na programu huria tunazozitegemea, nilikuta sehemu kubwa ya majaribio ya maandishi imejengwa kwa mtindo uleule: ingiza, soma, linganisha, kwa muunganisho mmoja wenye mipangilio ileile. Jaribio la namna hiyo halithibitishi kwamba neno limehifadhiwa sawasawa. Linathibitisha tu kwamba mwendo wa kwenda na wa kurudi unakubaliana.

Laiti ningeiuliza hifadhidata ihesabu herufi za neno lile, ingejibu 9 badala ya 6, nami ningeshtuka mapema. Hata hivyo hesabu ya herufi peke yake haitoshi, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo kiini cha barua hii kilipo. Neno lilelile laweza kuandikwa kwa njia ya pili inayokubalika kabisa katika Unicode: i ya kawaida ikifuatwa na alama ya kiwimbi inayosimama peke yake, yenye namba U+0303, na vivyo hivyo kwa u. Kibodi na mifumo kadhaa hutoa umbo hilo. Ukilihesabu neno lililoandikwa hivyo unapata 9 pia. Basi 9 yaweza kumaanisha neno limeharibika, na yaweza kumaanisha neno ni zima ila limeandikwa kwa umbo lililotenganishwa. Kinachotofautisha ni baiti. Neno lililoharibika lina baiti 15, lililotenganishwa lina 12, na lililoungana lina 9. Jaribio lisilotazama baiti haliwezi kujua liko mbele ya lipi kati ya hayo matatu.

Ndiyo maana ombi langu kubwa ni hili: kila jaribio la maandishi katika hazina zenu za msimbo liangalie baiti zilizolala kwenye diski, na lisome kwa mlango tofauti na ule lililoingilia. Muunganisho mwingine, usimbaji mwingine wa upande wa mteja, na ikiwezekana lugha nyingine ya programu.

Wengi wenu mnajua kwa uchungu historia ya jina utf8 ndani ya MySQL. Jina hilo lilipewa usimbaji unaofika baiti tatu tu, ilhali UTF-8 kama ilivyoainishwa katika waraka wa viwango RFC 3629 wa mwaka 2003 hufika baiti nne. Baiti tatu zinafika U+FFFF, yaani nafasi 65,536 za herufi, wakati Unicode nzima ina nafasi 1,114,112. Mwaka 2010, katika toleo la 5.5.3, ilikuja utf8mb4 yenye baiti nne kamili, lakini jina la zamani lilibaki na maana yake ya zamani, na chaguo-msingi la seva liliendelea kuwa latin1 hadi toleo la 8.0 mwaka 2018. MariaDB ilifanya utf8mb4 kuwa chaguo-msingi baadaye zaidi, katika toleo la 11.6. Katika miaka hiyo, mtu aliyeandika herufi ya baiti nne kwenye safuwima ya utf8 pasipo hali ya ukali (inayoifanya seva ikatae data isiyofaa) kuwashwa, maandishi yake yalikatwa pale pale kwenye herufi hiyo. Yaliyofuata yote yalipotea, na seva ikatoa onyo ambalo programu nyingi hazikuwa zikilisoma.

Ukataji huo haukuishia kwenye upotevu wa maneno. Mwezi Aprili 2015 WordPress, programu ya kuendesha tovuti, ililazimika kutoa toleo la dharura, 4.1.2, kwa sababu ya njia ya mashambulizi iliyojengwa juu yake: maoni yalikaguliwa yakiwa kamili na kuonekana salama, kisha yakahifadhiwa yakiwa yamekatwa, na mabaki yake yakawa na maana nyingine kabisa kwenye kivinjari.

Tazameni pia nakala rudufu. Katika enzi ya 5.7, mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala, ilitumia utf8 ile ya baiti tatu kama hukuiambia vinginevyo. Jedwali lilikuwa sahihi, seva ilikuwa sahihi, programu ilionyesha herufi zote barabara, na faili ya nakala ilikuwa na alama za kuuliza mahali pa kila herufi ya baiti nne. Mtu hugundua hilo siku ya kurejesha, yaani siku ambayo asili haipo tena. Najua limesharekebishwa. Ninalouliza ni lingine: je, leo kuna jaribio katika kila mradi wenu linaloingiza herufi kutoka kila eneo la Unicode, likatoa nakala bila kuongeza chaguo lolote kwenye amri, likairejesha kwenye seva tupu, kisha likalinganisha baiti kwa baiti? Mtu wa kawaida hutoa nakala kwa amri fupi, basi jaribio nalo litumie amri fupi.

Sasa nije kwenye ulinganishaji, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko uhifadhi wenyewe.

Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni mwandiko wa Adlam kwa ajili ya Kifula mwishoni mwa miaka ya 1980 wakiwa bado vijana. Mwandiko huo uliingia katika Unicode 9.0 mwaka 2016, na herufi zake zote ziko juu ya U+FFFF, kuanzia U+1E900. Kwa hiyo kila herufi ya Adlam ni ya baiti nne. Tuseme umefanya kila kitu sawasawa: safuwima ni utf8mb4, muunganisho ni utf8mb4, baiti zilizohifadhiwa ni zile zile zilizotumwa. Jaribio la kwenda na kurudi linapita, na hata jaribio la baiti ninalolipigia debe linapita. Lakini kanuni ya upangaji (inayoamua herufi zipi ni sawa na ipi itangulie) ya utf8mb4_general_ci, iliyokuwa chaguo-msingi la utf8mb4 katika MySQL kabla ya 8.0, pamoja na utf8mb4_unicode_ci, hazina uzito mahususi, yaani namba ya kulinganishia, kwa herufi zilizo juu ya U+FFFF. Zote hupewa uzito mmoja, ule wa U+FFFD, alama ya herufi isiyotambulika. Nyaraka zenyewe zinalieleza hili waziwazi.

Maana yake ni kwamba maneno mawili yoyote ya Adlam yenye idadi sawa ya herufi ni neno moja machoni pa hifadhidata. Ukiweka fahirisi ya kipekee, isiyoruhusu marudio, neno la pili la herufi tano linakataliwa kwa madai kwamba limeshakuwapo. Ukiomba orodha ya maneno yasiyojirudia, kamusi nzima ya Kifula inakuwa na neno moja kwa kila urefu. Na ukitoa amri ya kufuta neno moja la herufi tano, unafuta maneno yote ya herufi tano. Hakuna kosa linaloripotiwa, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni ile seva imetii amri.

Kanuni mpya ya chaguo-msingi katika MySQL 8.0 imejengwa juu ya Unicode 9.0, toleo lile lile lililoipokea Adlam, na nashukuru kwa hilo kutoka moyoni. Lakini kuboresha seva hakubadilishi kanuni ya jedwali lililoundwa zamani. Majedwali hayo yamehamia kwenye seva mpya pamoja na maradhi yake.

Jaribio ambalo lingefichua jambo hili ni fupi mno. Chukua herufi mbili tofauti za mwandiko ule ule, uliza kama ni sawa, na tarajia jibu la hapana. Fanya hivyo kwa kila mwandiko ulio katika Unicode. Kisha kwa miandiko yenye herufi kubwa na ndogo, uliza kama ndogo ya U+1E900 ni U+1E922, na uendelee hivyo kwa jozi zote 34 za Adlam. Jozi za Adlam ni mtihani mzuri kwa sababu programu nyingi zinajua kubadili herufi kubwa kuwa ndogo katika zile nafasi 65,536 za mwanzo pekee.

Hapa niseme neno kwa watunzaji wa SQLite, ambao nawaheshimu sana. Mradi wenu unajulikana duniani kwa majaribio yanayopitia kila tawi la msimbo wake. Wakati huo huo, kwa chaguo-msingi, vitendaji vya kubadili ukubwa wa herufi, upper na lower, hubadili herufi 26 za ASCII (seti ya msingi ya herufi za Kiingereza) tu, na amri ya utafutaji LIKE haijali ukubwa wa herufi kwa herufi hizo hizo 26 tu. Ukiomba herufi kubwa ya ũ unarudishiwa ũ. Mmeliandika katika nyaraka, na kiendelezi cha ICU, maktaba ya kanuni za Unicode, kipo kwa anayekihitaji. Sababu ya kutobeba majedwali makubwa ya Unicode ndani ya maktaba ndogo naielewa. Ninalotaka mlione ni kwamba kipimo cha kupitia kila tawi la msimbo hupima msimbo ulioandikwa. Msimbo ambao haupo hauna matawi, kwa hiyo lugha isiyoshughulikiwa haishushi asilimia hata kidogo. Majaribio yanayoanzia kwenye maneno ya watu yangekuwa na kipimo chake pembeni ya kile cha msimbo, nanyi ndio mnaoweza kutuonyesha namna ya kukifanya kwa ukamilifu, kama mlivyofanya kwa hicho kingine.

Kuna mahali ambapo hakuna jibu moja sahihi, na hapo ndipo wenye lugha wanapohitajika. Katika Kiyoruba, oko ni shamba, ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, na ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Kanuni ya utf8mb4_0900_ai_ci, ile mpya ya MySQL, haijali alama za juu wala nukta za chini, kwa hiyo maneno hayo manne ni neno moja. Kwa anayetafuta kwa haraka bila kuandika alama, huo ni msaada. Kwa fahirisi ya kipekee ya kamusi ni maangamizi, na kanuni hiyo ndiyo chaguo-msingi. PostgreSQL inasimama upande wa pili: kwa kawaida hutofautisha hata umbo lililoungana na lililotenganishwa la herufi ile ile, hivyo jedwali lenye fahirisi ya kipekee hupokea Gĩkũyũ mara mbili na jicho la mtu haliwezi kuona tofauti. Tangu toleo la 13 kuna normalize, kitendaji cha kusawazisha maumbo hayo mawili kuwa moja, nayo ni zana nzuri, ila ni juu ya mtumiaji kujua kwamba anaihitaji.

Hata baada ya kusawazisha mambo hayaishi. Unicode ina nafasi ya ọ na nafasi ya ò, lakini haina nafasi moja ya ọ̀ yenye nukta chini na alama juu kwa pamoja. Umbo lake fupi kabisa ni nafasi mbili. Kwa hiyo ọkọ̀ ina nafasi nne ilhali msomaji anaona herufi tatu, na amri ya kuchukua herufi tatu za kwanza inakurudishia ọkọ. Umeomba chombo cha usafiri, umepewa mume. Majaribio mengi ya kukata maandishi niliyoyaona yametumia é au ü, ambazo zina nafasi moja zikiungana, na kwa sababu hiyo hayawezi kamwe kuonyesha tatizo hili.

Nasi wa Kiswahili tunayo yetu, ingawa mtu angedhani lugha yetu iko salama ndani ya ASCII. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa alama ya U+0027 ya kibodi, kwa U+2019 ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, au kwa U+02BC ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi na si alama ya uakifishaji. Utafutaji wa maandishi katika MySQL huruhusu U+0027 moja katikati ya neno. Kichanganuzi cha kawaida cha PostgreSQL hulikata neno hilo hilo kuwa ng na ombe. Sijaona jaribio linalotaja hali hii katika mradi wowote, wala sijui ni nani angeliandika kama si mmoja wetu.

Upangaji nao una mtego wake, kwani mara nyingine haumo hata ndani ya programu zenu. Mwezi Agosti 2018 maktaba ya glibc, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ilitoa toleo la 2.28 na kubadilisha mpangilio wa herufi kwa lugha nyingi. PostgreSQL ilikuwa ikiitegemea maktaba hiyo kupanga fahirisi. Mtu aliyeboresha mfumo endeshi pasipo kugusa hifadhidata alijikuta na fahirisi zilizopangwa kwa kanuni ya jana zikisomwa kwa kanuni ya leo. Safu zilizopo hazikupatikana, na fahirisi za kipekee zikakubali marudio. Tangu hapo mmefanya kazi kubwa: ICU kama chaguo la hifadhidata nzima na kumbukumbu ya toleo la kanuni katika PostgreSQL 15, kisha kanuni ya C.UTF-8 iliyojengwa ndani katika 17. Lakini jaribio linalostahili hapa halifanani na majaribio ya kawaida. Linahitaji mashine mbili, au mashine moja katika nyakati mbili: fahirisi ijengwe chini ya maktaba ya zamani, faili zihamishwe, zisomwe chini ya maktaba mpya, na seva ilalamike. Lisilolalamika lihesabiwe limeshindwa.

Kuna jingine kwenye majaribio ya PostgreSQL linalonisumbua kila ninapolitazama. Majaribio ya upangaji wa ICU na yale ya Linux hujiangalia kwanza: kama seva haitumii UTF-8, au kama sehemu inayohitajika haipo, yanatoka bila kufanya lolote. Pembeni kuna faili ya pili ya matokeo yanayotarajiwa, inayolingana na kutoka huko, hivyo ripoti inasema ok. Naelewa kwa nini iliundwa hivyo. Hakuna anayetaka ujenzi ushindwe kwa sababu ya kitu kisichopo. Lakini msomaji wa ripoti hawezi kutofautisha jaribio lililofanyika likafaulu na jaribio ambalo halikufanyika. Liandikwe neno jingine. Limerukwa ni limerukwa.

Mtu anayeona haya yote kuwa mambo ya kamusi na lugha ndogo atazame usalama. Mwezi Mei 2006 PostgreSQL ilirekebisha dosari mbili, CVE-2006-2313 na CVE-2006-2314, zilizomwezesha mshambuliaji kupenyeza amri za SQL kwa kutumia baiti zilizosimbwa vibaya au usimbaji ambamo baiti ya alama ya mkwaju wa nyuma yaweza kuwa nusu ya pili ya herufi nyingine. Mwezi Februari 2025, karibu miaka 19 baadaye, ikaja CVE-2025-1094: vitendaji vya maktaba ya mteja vinavyoweka maandishi ndani ya alama za nukuu havikushughulikia ipasavyo UTF-8 batili, na kupitia psql, zana yake ya mstari wa amri, mlango ukafunguka. Marekebisho yalitolewa tarehe 13 Februari. Tarehe 20, wiki moja tu baadaye, yalitolewa matoleo mengine kwa sababu katika kurekebisha, vitendaji viwili viliacha kuheshimu urefu wa maandishi vilivyopewa.

Siyasemi haya kuwalaumu watu waliofanya kazi ile usiku na mchana. Nayasema kwa sababu ni ushahidi bora kuliko wangu. Wahandisi hodari, katika mradi makini, kwenye msimbo uliotazamwa na macho mengi, walihitaji majaribio mengi zaidi ya baiti mbovu kuliko waliyokuwa nayo. Orodha ya baiti hizo si siri: C0 AF inayojifanya mkwaju, ED A0 80 ya nusu-jozi isiyoruhusiwa, F4 90 80 80 iliyovuka mwisho wa Unicode, na C5 iliyoachwa peke yake mwishoni mwa maandishi. Kila moja ipitishwe si kwenye seva tu bali pia kwenye maktaba ya mteja, kwenye zana ya mstari wa amri, na kwenye vitendaji vya kunukuu, kwa urefu uliotajwa na kwa urefu usiotajwa.

Naomba basi nieleze ninachotaka kifanyike, nikijua wengi wenu mnafanya kazi hii kwa kujitolea.

Muwe na hazina moja ya pamoja ya maneno ya majaribio, isiyo mali ya mradi mmoja, yenye leseni inayoruhusu kila mradi kuichukua. Unicode tayari inachapisha faili za kupima usawazishaji na upangaji, nazo zitumike zote bila kuchagua. Lakini faili hizo zinapima kanuni. Hazisemi kwamba ọkọ ni mume na ọkọ́ ni jembe. Hazina ninayoiomba ingebeba neno, baiti zake, idadi ya nafasi zake, idadi ya herufi kama msomaji anavyoziona, maneno ambayo lazima lilingane nayo na yale ambayo kamwe lisilingane nayo, pamoja na sentensi moja ya sababu.

Na mfungue mlango wa kuchangia kwa watu wasiojua lugha ya C. Leo mwalimu wa Kiyoruba au mwandishi wa Kifula anayetaka kuwasaidia anatakiwa kujua kujenga programu yenu kutoka kwenye chanzo, kutengeneza kiraka, na kukitetea mbele ya wahandisi kwa Kiingereza. Mchango wake ni mstari mmoja wa maandishi. Upokeeni kama mstari wa maandishi, mhandisi mmoja kati yenu augeuze kuwa jaribio, na jina la mchangiaji liandikwe panapoandikwa ya wahandisi. Mimi najitolea kukusanya na kuhakiki yale ya lugha ninazozijua, na kutafuta wenye lugha kwa zile nisizozijua.

Mwisho, majaribio yote yaendeshwe chini ya mipangilio zaidi ya mmoja ya lugha kabla ya kila toleo. Mipangilio ya Kituruki peke yake, ambamo herufi kubwa ya i ni İ, imeshafichua hitilafu katika programu nyingi zilizodhani kwamba kila i ni ile ile.

Nimeanza tayari. Mstari wa kwanza wa faili ninayowaletea ni huu, nanyi mna ruhusa kuuchukua leo:

Gĩkũyũ, baiti 47 C4 A9 6B C5 A9 79 C5 A9, nafasi 6, herufi 6, lilingane na umbo lake lililotenganishwa lenye baiti 12 baada ya kusawazishwa, lisilingane na GÄ©kÅ©yÅ©, sababu: hili la mwisho si neno la lugha yoyote, ni neno lile lile lililosimbwa mara mbili.

Wenu katika kazi,

Mtunza hifadhidata ya kamusi